Mahojiano mawili yaliyovunjwa: kisa cha daktari wa Mombasa na programu za residensi Marekani

Kisa hiki ni cha msimu wa 2024/2025, na mwenyewe ameniruhusu kukisimulia. Majina si ya kweli, mtaa nimeubadilisha, na zile programu mbili nitaziita ya Kwanza na ya Pili. Tarehe na saa nimeziacha kama zilivyokuwa, maana ukiziondoa hakuna kisa kinachobaki.

Mimi ni daktari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na madaktari vijana wa Pwani wanaojiandaa kwa mahojiano ya residensi, yaani mafunzo ya ubingwa, huko Marekani. Wananiita Mwalimu. Nakiri mapema kwamba kosa moja katika kisa hiki ni langu mimi.

## Usuli

Zuhura, tumwite hivyo, alimaliza shahada ya udaktari, akafanya mwaka wake wa intanshipu katika hospitali ya serikali nje ya Mombasa, kisha akaajiriwa medikal ofisa katika hospitali ya kibinafsi kisiwani. Alikuwa akiishi na mamake na nyanyake ng'ambo ya Likoni. Asubuhi feri, jioni feri. Nyanya alikuwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku ambazo Zuhura hakuwa na zamu ndiye aliyempeleka, akakaa naye saa zote nne kando ya mashine huku akisoma maswali ya mtihani kwenye simu.

Mitihani alikuwa ameshaimaliza: Step 1 na Step 2 CK, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani, na ule wa lugha wa OET ambao ECFMG, shirika linalothibitisha vyeti vyetu, huutaka kwa sisi tuliosomea nje ya Marekani. Mwezi wa Septemba akatuma maombi kupitia ERAS, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya residensi, katika fani mbili, tiba ya ndani (magonjwa ya watu wazima) na tiba ya familia. Wengi wetu hufanya hivyo kwa hofu: huku usipopata, labda kule. Hofu hiyo ina bei yake. Msimu ule ada ilikuwa dola 11 kwa kila programu katika zile 30 za mwanzo za fani moja, kisha dola 30 kwa kila inayozidi. Mtu aliyelipa pesa hizo kutoka kwenye mshahara wa medikal ofisa haoni urahisi kuutupa mwaliko hata mmoja.

Kwa asiyeujua utaratibu: programu huanza kuyasoma maombi mwishoni mwa Septemba, mialiko ikatoka kuanzia Oktoba, na mahojiano yakaendelea mpaka Januari. Tangu 2020 mengi hufanywa kwa video, ndiyo maana mtu wa Likoni anaweza kuhojiwa na watu watatu wa Pennsylvania bila kuvuka hata kivuko. Baada ya hapo kila upande huandika orodha ya mapendeleo yake, na kompyuta ya NRMP, shirika linalosimamia ugawaji wa nafasi hizo, huoanisha orodha hizo. Hesabu yenyewe ni ya kifahari. Alvin Roth, aliyeisuka upya, alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Nobel ya uchumi 2012 kwa kazi ya aina hiyo. Lakini kompyuta huingia mwisho kabisa. Kabla yake kuna mratibu mmoja na kalenda yake, na madaktari wanaoacha wagonjwa ili wakae mbele ya kamera. Kisa chetu chote kimo ndani ya kalenda hiyo.

Kikundi chetu kilikuwa na madaktari wanne. Tulikutana Jumamosi usiku kwenye baraza moja ya Mji wa Kale, kahawa chungu na kashata, tukahojiana kwa zamu. Mwezi wa Oktoba niliwaambia maneno haya, na nayakumbuka vizuri: "Shikeni kila mtakachopewa. Kukataa kuna siku zake." Siku zenyewe sikuzitaja.

Zuhura akapata mialiko minane. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni neema. Mialiko huingia mchana wa Marekani, ambao kwetu ni usiku, na nafasi zikifunguliwa hujazwa kwa dakika chache. Kwa hiyo alilala na simu chini ya mto, ikilia saa saba usiku anabonyeza tarehe ya kwanza iliyo wazi, kisha anarudi kulala. Yote minane aliipokea hivyo, macho nusu yamefumba.

## Programu ya Kwanza: Alhamisi, 12 Desemba

Programu ya Kwanza ilikuwa ya tiba ya familia, ndogo, katika mji mdogo wa eneo la kati la Marekani. Mahojiano yalipangwa saa mbili asubuhi kwa saa zao, yaani saa kumi na moja jioni kwetu.

Jumapili ya 24 Novemba, akiwa kando ya ile mashine na nyanyake, Zuhura alikata shauri kwamba anataka kuwa daktari wa figo. Ukitaka figo za watu wazima Marekani lazima kwanza upitie tiba ya ndani. Tiba ya familia haikufikishi huko. Usiku huohuo alimwambia mamake. Mimi aliniambia Jumamosi iliyofuata. Programu ya Kwanza hakuiambia. Zilikuwa zimebaki siku 18.

Nilimuuliza baadaye zile siku 18 zilipita vipi. Alisema kila alipofungua barua yao aliona haya. Mratibu alikuwa amemwandikia kwa upole, akamuuliza jina lake hutamkwaje, akamwambia wanamsubiri kwa hamu. "Mtu amekukaribisha nyumbani kwake, Mwalimu, utaanzia wapi kumwambia hutaki?" Akajipa sababu: pengine ajaribu tu, apate mazoezi. Halafu, pengine mengine yataharibika, hili litamfaa. Halafu zamu zikabana.

Jumatano ya tarehe 11, saa nne usiku, zikiwa zimebaki saa 19, akaandika kwamba mtaa wao una shida ya intaneti na hataweza kuhudhuria kesho. Intaneti ilikuwa nzima. Barua yenyewe aliituma kwa intaneti hiyohiyo.

Kwao ilikuwa saa saba mchana. Mratibu alijibu ndani ya nusu saa. Alimpa pole na kumwambia asiwe na wasiwasi, mambo haya hutokea. Akampa njia tatu: Ijumaa asubuhi, Jumatatu mchana, au wazungumze kwa simu ya kawaida bila video hiyo kesho, ili asikose.

Zuhura akaigeuza simu kifudifudi. Siku ya pili ilikuwa Jamhuri, hakuwa na zamu, akashinda jikoni. Saa mbili usiku barua ya pili ikaingia. Mratibu alikuwa na wasiwasi kama ile ya kwanza ilifika, kwa kuwa alijua intaneti inasumbua. Akaongeza kwamba madaktari wawili waliokuwa wametenga asubuhi kwa ajili yake wako tayari kumtafutia wakati mwingine. Ijumaa jioni ndipo Zuhura alipoandika mistari miwili ya kujiondoa. Jibu lilikuwa fupi: asante kwa kutujulisha, tunakutakia kila la heri.

## Programu ya Pili: Jumanne, 17 Desemba

Hii ilikuwa tiba ya ndani, hospitali kubwa ya kufundishia mashariki mwa Marekani, na ndiyo aliyoitaka kuliko zote. Mahojiano saa mbili asubuhi kwao, saa kumi alasiri kwetu. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na kikao cha waombaji na maresidenti wa programu, kile cha kujuana tu, kikaanza saa nane usiku kwa saa zetu. Zuhura alikaa nacho mpaka saa tisa na robo, sauti chini, kwa sababu nyanya alikuwa akikohoa chumba cha pili. Residenti mkuu aliwapa wote anwani yake ya barua pepe, akawaambia kesho wakikwama wamwandikie, usiku huo yuko zamu.

Kabla ya adhana ya alfajiri nyanya akafariki.

Asiyeijua Mombasa ajue kwamba Muislamu hapa hazikwi kesho. Mpaka saa kumi na mbili asubuhi wajomba walikuwa wameshakubaliana: maiti ataswaliwa alasiri, kisha makaburini. Alasiri ndiyo saa ya mahojiano.

Hapo familia ikagawanyika, kwa sauti ya chini lakini ikagawanyika. Mama yake mdogo alisema: "Mwanangu, wewe makaburini huendi, wanaokwenda ni wanaume. Ingia chumba cha nyuma, funga mlango, nusu saa, umalize. Marehemu mwenyewe angekwambia hivyo." Mjomba mkubwa hakubishana naye. Alimuuliza Zuhura tu: "Na ukitoka humo chumbani, utatazamana vipi na watu?" Mama yake hakusema neno.

Saa kumi na mbili na nusu Zuhura alinipigia. "Shikamoo Mwalimu. Nyanya ametutoka." Nikampa pole. Nikamuuliza swali moja: leo, saa kumi, unaweza kucheka mzaha wa mtu usiyemjua? Akanyamaza. Nikamwambia basi andika sasa hivi, kabla nyumba haijajaa.

Rasimu aliyonitumia ilikuwa ndefu. Ndani yake mlikuwa na miaka ya ugonjwa, mashine, na namna nyanya alivyomlea. Niliifuta karibu yote. Alichotuma saa moja kamili, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili kingekuwa hivi:

"Leo alfajiri nimefiwa na nyanya yangu niliyekuwa nikiishi naye, na mazishi ni leo, saa ileile ya mahojiano yetu. Kwa masikitiko sitaweza kuhudhuria. Programu yenu ni miongoni mwa ninazozitaka sana, na kama kuna siku nyingine mnayoweza kunipa nitashukuru. Kama haipo, nitaelewa. Samahani kwa kuwajulisha kwa kuchelewa namna hii. Nambari yangu ni hii hapa chini."

Barua ilikwenda kwa mratibu, na nakala kwa mkurugenzi. Lakini saa moja asubuhi ya Likoni ni saa tano usiku wa Jumatatu mashariki mwa Marekani, na mratibu alikuwa amelala. Zuhura akakumbuka yule residenti wa zamu. Akamwandikia mistari miwili. Saa mbili kasorobo jibu likaja: pole sana, nitamwambia mratibu mwenyewe asubuhi kabla sijatoka zamu, usifikirie tena jambo hili leo.

Hata hivyo saa tisa alasiri, jeneza likiwa uani na wanawake sebuleni wakisoma, alitoka nyuma ya nyumba akapiga ile nambari ya ofisi iliyokuwa kwenye mwaliko. Hakuna aliyepokea, akaacha ujumbe wa sauti wa nusu dakika. Saa tisa na dakika ishirini mratibu aliandika: tumepata habari, poleni, tutakutafutia siku Januari. Saa tisa na nusu Zuhura aliizima simu.

## Kwa nini aliamua hivyo

Uamuzi wa kwanza, wa kukaa kimya siku 18, haukuwa uamuzi. Ulikuwa haya iliyovaa nguo za subira. Ule wa kusingizia intaneti alinieleza hivi: alitaka sababu isiyomuumiza mratibu. Ukimwambia mtu "siitaki programu yako" umemvunjia heshima. Ukimwambia "stima imepotea" hakuna aliyekosa.

Uamuzi wa Jumanne ulikuwa na mambo matatu ndani yake. Alikuwa mmoja wa waliomwosha nyanyake saa nne asubuhi, na hakutaka kutoka kwenye josho kwenda kupaka poda kwa ajili ya kamera. Nyumba ingekuwa na watu mia na zaidi, chumba cha nyuma kimepakana na uwanja ambapo masufuria yangepangwa. Na tatu, alilolisema mwenyewe: wangemuuliza "tueleze juu ya mgonjwa aliyekubadilisha", kama walivyomuuliza wote watano waliotangulia, na yeye jibu lake siku zote lilikuwa nyanya.

## Matokeo

Programu ya Pili ilimhoji tarehe 9 Januari. Mkurugenzi alianza kwa kumpa pole, akauliza nyanya alikuwa mtu wa aina gani, akasikiliza. Halafu wakaendelea na mahojiano kama mahojiano mengine.

Wiki ya matokeo iliangukia Ramadhani. Jumatatu ya 17 Machi, futari bado iko jikoni, Zuhura alijua kwamba amepata nafasi. Ijumaa ya tarehe 21, saa moja usiku, ndipo alipojua wapi: tiba ya ndani, programu aliyoiweka ya tatu. Ya Pili, ambayo aliiweka ya kwanza, haikumchukua. Hakuna ajuaye waliiandikaje orodha yao, nami sioni sababu ya kuhusisha jambo hilo na mazishi. Waombaji ni wengi, nafasi chache.

Programu ya Kwanza haikulalamika popote. Kuvunja mahojiano si kuvunja mkataba wa NRMP. Kinachokufunga ni matokeo, si mwaliko. Hakuna adhabu aliyoipata.

## Uchambuzi

Tukienda kwa saa ya ukutani, Programu ya Kwanza ilitendewa vyema zaidi. Ilipewa saa 19, tena ujumbe ukafika mchana, watu wako ofisini. Ya Pili ilipewa saa tisa, na karibu zote walikuwa wamelala. Mtu anayehesabu adabu kwa saa angesema Zuhura alikosea mara ya pili zaidi ya mara ya kwanza. Sivyo. Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na naona sababu iko kwenye lile neno intaneti.

Programu ikiambiwa "najiondoa", kiti kimekuwa wazi. Mratibu hufungua orodha ya wanaosubiri, akampigia au akamwandikia wa kwanza. Kwa alasiri nzima ya Jumatano pengine angempata mtu. Wako waombaji ambao ukiwaambia kesho asubuhi watakwambia hata usiku huu. Lakini Zuhura hakusema anajiondoa. Alisema amekwama. Mtu aliyekwama huwekewa kiti chake. Kwa hiyo mratibu, kwa wema, alikilinda kiti Alhamisi, akakilinda Ijumaa, akawa tayari kukilinda hadi Jumatatu. Uongo ule mdogo ulikizuia kiti baada ya mwenyewe kukiacha, na kadiri yule mratibu alivyokuwa mwema ndivyo hasara ilivyozidi kuwa kubwa. Udhuru wa kweli hufunga mazungumzo, lakini wa kuzua ambao unaweza kutatuliwa utatatuliwa, na wewe utabaki na suluhisho usilolitaka mkononi.

Kuna madhara mengine ya kusingizia stima na intaneti. Ni udhuru unaoaminika kwa mtu wa kwetu, na ndiyo maana hatufai kuufuja. Siku moja stima itapotea kweli, dakika kumi kabla ya mahojiano ya kijana mwingine wa Kisauni au Mikindani, na atahitaji kuaminiwa.

Sasa tuje kwenye kuona haya. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kutokataa mwaliko. Ukialikwa arusi unasema inshallah, na usipokwenda hakuna aliyeumia sana: pilau imepikwa ya watu mia tatu, sinia haliwekwi kwa jina la mtu, atakayeketi atakula. Adabu hiyo ni nzuri kwa sinia. Mahojiano ya residensi ni kiti kimoja chenye jina lako, na usipokikalia hakikaliwi na mtu. Zuhura hakukosa adabu, alitumia adabu ya arusini mahali pasipo arusi. Nimewaona wengine watatu wakifanya hivyohivyo, wote watu waungwana, wote wamechelewa kukataa kwa sababu ya uungwana wao. Sijawahi kuona mtu jeuri akivunja mahojiano usiku wa kuamkia siku yenyewe. Jeuri hukataa mapema.

Barua iliyotakiwa Jumapili ile ya Novemba ilikuwa na mistari mitatu: "Nawashukuru kwa kunialika tarehe 12 Desemba. Nimeamua kuelekea tiba ya ndani, hivyo naomba kuliondoa ombi langu ili nafasi hii apewe mwingine. Nawatakia msimu mwema." Hata barua huenda isingehitajika. Mifumo mingi ya kupangia mahojiano ina kitufe cha kufuta, na ukikibonyeza mapema nafasi hurudi kwa wanaosubiri. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni wiki mbili kabla. Yeye alikuwa na siku 18, nne zaidi ya zilizohitajika.

Kuhusu Programu ya Pili, lililofaa zaidi ni yule residenti wa zamu. Usiku watu wa ofisini hawapo, lakini hospitali hailali, na ndani yake yuko mtu anayejua mratibu hufika saa ngapi. Vijana wengi huona kile kikao cha usiku ni cha mapambo. Tangu kisa hiki nawaambia kikundi kila mmoja aandike jina la residenti mmoja na njia ya kumpata, kabla hajalala. Na ile simu ya saa tisa, ingawa haikupokelewa, haikuwa ya bure: ilimwezesha kuzima simu kwa amani.

Nusura tukosee saa pia. Msimu ulipoanza, mashariki mwa Marekani palikuwa nyuma yetu kwa saa saba. Jumapili ya kwanza ya Novemba wao hurudisha saa nyuma, zikawa nane, na eneo la kati tisa. Ongeza kwamba simu inaandika 16:00, mwaliko unasema 8, na mama anauliza "saa kumi, sivyo?" Zuhura alikuwa na karatasi ukutani yenye safu tatu. Bila hiyo karatasi, asubuhi ile ya msiba, angekuwa wa kwanza kuchanganya.

Je, mama mdogo alikuwa na haki? Sijalimaliza swali hili. Wapo watakaosema nusu saa ni nusu saa, na marehemu angeridhia. Mimi naona mahojiano mabaya yaliyofanyika ni mabaya kuliko mazuri yaliyosogezwa, na tena msiba wa mtu unayeishi naye nyumba moja ni udhuru popote duniani. Ingekuwa arusi ya binamu, ningemwambia aingie chumba cha nyuma. Ingekuwa zamu, ningemwambia abadilishane. Ugonjwa wake mwenyewe, kifo, ajali: hayo hayahitaji maelezo zaidi ya mstari mmoja.

Hapo kwenye mstari mmoja tuna mgogoro, Zuhura na mimi, mpaka leo. Nilipoifupisha ile rasimu nilidhani namsaidia. Programu ilihitaji kujua tatu tu: huji, kwa nini, na unataka nini. Yeye aliniambia baada ya hitima, bila hasira: "Mwalimu, ulimfuta nyanyangu." Bado nashikilia kwamba barua fupi ndiyo iliyofaa. Lakini ningemwacha aifupishe mwenyewe.

Na kosa langu lile la Oktoba. "Shikeni kila mtakachopewa" ni nusu ya ushauri, na nusu iliyobaki niliiweka mfukoni. Mwezi wa Oktoba ushauri huo una maana, mtu hajui kama atapata miwili au kumi. Ikifika katikati ya Novemba mwenye mialiko minane anazuia viti. Siku hizi kila Jumamosi, kabla ya kahawa, kila mmoja hutoa kalenda yake na kujibu swali moja kwa kila mwaliko: ukipewa hii peke yake, utakwenda? Akisita mara mbili mfululizo, anaandika palepale barazani, sote tukiwa tumekaa. Haya hupungua mtu akiwa na wenzake.

## Tuliyoyajua baadaye

Baada ya Idi tulikutana tena barazani, mara ya kwanza tangu matokeo. Wawili walikuwa wamepata. Mmoja alikuwa ameamua kungoja mwaka. Wa nne, tumwite Hamisi, alikuwa na mahojiano mawili tu msimu mzima na hakupata.

Katika kikundi chetu watu hawakuwa wakitajana programu. Walihofia kijicho, na mimi sikuwalazimisha. Usiku ule, mambo yakiwa yamekwisha, wakaanza kutaja. Zuhura akasimulia kisa cha mratibu na intaneti, akijicheka, akautaja ule mji mdogo kwa jina.

Hamisi akaweka kikombe chini. Programu hiyo ilikuwa imemweka kwenye orodha ya wanaosubiri tangu Oktoba. Alikuwa akifungua barua pepe kila asubuhi na kila usiku kuitafuta.

Nilisema yale ambayo mtu angesema: kwamba orodha hizo huwa na watu wengi, kwamba huenda asingekuwa wa kwanza wala wa ishirini. Ni kweli. Hamisi alitikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia Zuhura.

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili. Desemba."

"Jamhuri?"

"Eeh."

Mwuza kahawa alikuwa anapita, akagonganisha vikombe vyake. Hamisi akanyoosha mkono akapewa kingine.

"Siku hiyo nilikuwa nyumbani," akasema. "Kutwa."